Wakili Aliyekuwa Akiningoja

Mtu aliyenifundisha kazi alichelewa kwenda kwao kwa sababu yangu. Nalisema mapema ili anayesoma asije akadhani namsifia mzee wa watu bure. Wakili alikuwa na nyumba Tanga, na mke aliyetangulia kwenda kuifungulia madirisha, na hamu ya kurudi iliyokuwa ikimtoka hata alipopiga miayo. Lakini alikuwa amejiapiza kwamba hatoki Johannesburg mpaka mimi niapishwe kuwa wakili, nikae kwenye kiti chake. Mimi nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Tatizo ni kwamba mimi ni mkimbizi kutoka Uvira, na sheria ya hapa humwapisha raia au mwenye ukaazi wa kudumu tu. Ombi langu la ukaazi lilikuwa serikalini. Basi tukakaa hivyo miaka, yeye akiningoja mimi, mimi nikiingoja karatasi.

Simtaji jina kwa kuwa sisi sote hatukumwita jina. Watanzania walimwita Mzee Wakili. Wakongo walimwita Metre, kama mawakili wanavyoitwa kwa Kifaransa cha kwetu. Warundi wenye spaza zao, viduka vya mtaani, kule Diepsloot, waliokuja wamevaa koti hata wakati wa joto kwa heshima ya sheria, walimwita Mheshimiwa, naye alikuwa akigeuka kutazama nyuma kuona ni nani aliyeingia. Mimi nilianza na Papa Wakili, mwishowe likabaki Wakili.

Ofisi yake ilikuwa Troyeville, ghorofani, juu ya duka la magodoro, na ngazi zake zilinuka sponji mpya. Nilizipanda mara ya kwanza nikiwa mteja. Nilikuwa nimezoea ofisi ambazo unazungumza na mgongo wa kompyuta: mtu anauliza, anaandika, hujui ameandika nini, unatia sahihi, unakwenda zako. Wakili alikuwa na skrini mbili, na ya pili aliigeuzia upande wa mteja. Kila alichoandika nilikiona kikitokea mbele yangu, Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake. Nilipoliona jina la mtaa wetu wa Uvira pale kwenye kioo, nililia. Hakuniambia ninyamaze. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akangoja, kisha akauliza kama tuendelee au tunywe chai kwanza.

Siku hiyohiyo palikuwa na mama mmoja Mrundi kwenye benchi, Kiswahili kinampa taabu, nikamsaidia kujieleza. Wakili akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ninasuka nywele Bellevue. Akasema, "Kesho usisuke." Hayo ndiyo mahojiano ya kazi niliyofanyiwa.

Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwake, ingawa nilikuja na changu. Yeye alizungumza taratibu, kila neno amelikunja vizuri kabla ya kulitoa. Changu kilimkera na kumfurahisha kwa pamoja.

"Kiswahili chenu hicho," aliniambia, "kimevuka ziwa kikaacha viatu ng'ambo."

"Lakini yetu iko inatembea, Papa," nikamjibu. "Yenu inaikalaka tu pwani, inakula halua."

Alilipenda jawabu lile. Aliwasimulia wageni kwa wiki kadhaa, kila mara akiongeza kidogo, mpaka mwishowe halua ikawa na iliki na lozi. Lakini ilipofika kwenye maelezo ya mteja hakuruhusu mtu kusahihisha Kiswahili cha mtu. Mkongo akisema "banakuya kutupika," yaani wanakuja kutupiga, iliandikwa hivyohivyo, na Kiingereza ndicho kilichohangaika kumfuata.

Kisa cha programu alikisimulia kwa kila aliyekosea akakaa karibu naye. Zamani alitumia programu ya kukodi, ya kampuni moja ya nchi za mbali, na majalada yote ya wateja yalikaa humo. Kampuni ikauzwa, walioinunua wakaifunga, na asubuhi moja Wakili akawasha kompyuta akakuta ukurasa unaomshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Majalada hayafunguki. Mlangoni alikuwa amesimama msusi mmoja wa Bukavu aliyevaa nguo za kanisani, maana shauri lake lilikuwa linasikilizwa siku hiyo. Walikwenda mikono mitupu. Shauri likaahirishwa muda mrefu, na muda wote huo yule dada aliishi akikwepa kila gari la polisi. Baadaye alipata karatasi zake, lakini Wakili hakupata kusahau.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alimalizia kila mara, na wakiwepo wachungaji aliisema kwa sauti zaidi.

Tangu hapo akawa mtu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzifungua aone zilivyoundwa, kuzirekebisha na kumpa mwingine. Alipata moja ya kutunza majalada ya mawakili wadogo kama yeye. Ilikuwa ngumu, imekonda, haina rangi. Akamwita fundi mmoja Mrundi aliyetengeneza simu kule Bertrams, wakaishughulikia pamoja, Wakili akieleza sheria na fundi akieleza kwa nini haiwezekani, halafu anaifanya. Vitufe vyote wakaviandika kwa Kiswahili ili mteja anayetazama skrini ya pili ajue kinachobonyezwa. Walibishana asubuhi nzima juu ya kitufe kimoja, kama kiandikwe Kesi au Shauri. Wakili alishinda kwa hoja kwamba kesi ni ya polisi na shauri ni la watu.

Kitufe cha kufuta alikiondoa kabisa. "Humu hakifutwi cha mtu," alisema. Fundi alimwonya kwamba atajuta. Hakujuta, ila makosa yangu yote ya mwanzo yamo mpaka leo. Kuna mzee mmoja wa Fizi ambaye nilimchanganyia watoto wake na mifugo yake, na chini nikaandika masahihisho marefu, lakini yule mbuzi bado ametajwa kuwa mtoto wa tatu na ataishi kuliko sisi.

Nilipomuuliza kwa nini anaihangaikia hivyo programu wakati wenzake wananunua tu iliyo tayari, aliniambia ni kama jiko la msibani. Hakuna anayeuliza sufuria ni ya nani, na kila mama anajua chumvi iliko. Mwenye nyumba hata akizimia, watu watakula. Hiyo ndiyo ofisi aliyoitaka, ofisi ambayo yeye akizimia watu wanakula.

Na kweli aliigawa. Mawakili wadogo walikuja na kompyuta zao kutoka Yeoville, Soweto, hata mmoja aliyekuwa mpinzani wake wazi na aliyekuwa akimteta sokoni. Wote aliwawekea, akawafundisha, akawapa chai. Lakini chai hiyo waliinywa kavu. Mtu huyu aliyeugawia ulimwengu programu alikuwa na mkono wa birika kwa vitu vidogo. Tende zake alizifungia kwenye droo. Biskuti za tangawizi alizificha ndani ya jalada la karatasi lililoandikwa Kodi, akijua hakuna mtu mwenye akili atakayelifungua kwa hiari. Mwavuli wake hakumwazima mtu, hata mimi, hata siku ya mvua ya mawe. Alinisindikiza nao mpaka kituo cha teksi, akanishika mkono kuvuka barabara, akarudi nao.

Aliwahubiria wateja subira, na yeye mwenyewe kwenye robot, taa za barabarani, alikuwa akipiga honi kabla haijawaka kijani. Aliwakataza watu kudanganya hata kwa jambo dogo mbele ya ofisa, halafu kila mchana alimdanganya mkewe kwa simu, nami nimekaa palepale ninasikia.

Kila mteja aliyeondoka alipewa jalada lake zima kwenye flashi, limehifadhiwa kwa namna ambayo kompyuta yoyote ya intaneti kafe inalifungua bila kumwomba mtu ruhusa. "Shauri ni lako," aliwaambia. "Mimi mbeba mfuko tu." Watu walizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Sasa Wakongo wengi wa Bellevue walikuwa wanasali kanisa moja lenye maombi ya makaratasi kila mwezi, ambapo mtu huinua juu hati yake, mchungaji akaiombea. Zamani waliinua karatasi. Wakili alipoanza kuwapa flashi, wakainua flashi, na mchungaji, asijue kitu hiki kigeni kinaombewaje, akakitia mafuta ya upako.

Jumatatu yake ngazi zilijaa watu wenye flashi zisizofunguka. Wakili akazishika moja moja, akazinusa.

"Haya mafuta ya zeituni?"

"Ya upako, Metre," akasema mama mmoja wa mbele. "Muchungaji alisema mulango itafunguka."

"Mama, huu mlango umejifunga."

Hakucheka mbele yao. Aliwaandalia flashi nyingine, mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza akaingia jikoni, akafunga mlango, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha ikawa desturi ya ofisi kutoa flashi mbili, moja ya kuhifadhi, moja ya maombi. Mchungaji mwenyewe alikuja kuomba radhi, akiogopa kidogo, maana alijua mwenyeji wake ni Mwislamu wa Tanga asiyekosa swala ya Ijumaa. Wakili akamshika mkono kwa mikono miwili. "Dua siikatai, baba mchungaji. Ninachokataa ni mafuta." Waliagana wakiwa marafiki, na mchungaji akaondoka na programu ya bure ya kuandikia mahubiri.

Yeye ndiye aliyenisukuma nisome sheria. Nilisoma chuo cha masafa, kwenye kompyuta ya mapokezi, wateja wakipungua. Alikuwa akiniuliza maswali ghafla nikiwa na maji ya moto mkononi, na nikikosea hakuniambia jibu, alisema tu, "Mteja wako ameshindwa," akaenda zake. Niliwashindisha wateja wengi wa kufikirika pale jikoni kabla sijaanza kuwaokoa. Nilimaliza digrii, nikafanya mafunzo chini yake, nikafaulu mitihani ya uwakili. Tulijua sheria inasemaje juu ya wakimbizi. Tulidhani tu kwamba ukaazi ungetangulia kufika, na haukufika.

Siku tulipopata jibu kwamba siwezi kuapishwa nilivyo, umeme ulikuwa umekatwa. Wakili alikaa mbele ya skrini zake mbili zilizozimika. Nilitegemea afoke, maana hata printa alikuwa akiitukana kila siku. Hakufoka.

"Programu yangu," alisema, "mtu wa Brazili akiitaka, leo hii anaichukua. Na kiti hiki, wewe uliyekaa karibu nacho miaka yote, siwezi kukupa."

"Si kosa yako, Papa."

"Sikusema kosa langu. Nimesema siwezi."

Akainuka, akakisogeza kile kiti, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Halafu ndipo akaapa kwamba atangoja. Nakiri nilifurahi. Nilipaswa kumwambia hapana, mzee, wewe nenda, lakini mtu akikungoja unajiona una mahali unapokwenda, nami nilikuwa nimeishi muda mrefu bila mahali.

Mkewe tulimwita Bibi. Alipiga simu kila mchana, na Wakili aliiweka sauti nje kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unakuja lini?"

"Disemba, inshallah."

"Disemba ya mwaka gani, baba?"

Hapo alijifanya simu inakatika. Bibi alimjua, akaomba kusema na mimi. "Mwanangu, karatasi yako imetoka?" Namwambia bado, Bibi. "Basi tuzidi kuomba," anasema, bila uchungu wowote, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuivumilia. Angeninung'unikia ningepumua. Badala yake alikuwa akiniulizia afya ya mama yangu, akanieleza mihogo imetoka vizuri mwaka huu, na kwamba chumba cha wageni amekipaka rangi ili na mimi nije nikatembee. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkalia mumewe, naye ananipakia rangi chumba.

Mwaka wa mwisho macho ya Wakili yalianza kumtupa. Akasogeza uso kwenye skrini mpaka pua ikagusa kioo. Fundi akamkuzia maandishi, akayakuza tena, mpaka ukurasa mmoja ukabaki na sentensi moja. Bibi naye alianguka bafuni huko Tanga, akavunjika nyonga, na siku zile simu ya mchana ilipigwa na jirani. Wakili aliniuliza habari za ombi langu kila asubuhi kabla hata ya kunisalimu, yeye aliyenifundisha shikamoo na kunigombeza nikiisahau. Nilikuwa nikijibu bado. Nilianza kulichukia neno lile.

Jumamosi moja aliniita nyumbani kwake Bezuidenhout Valley, hakusema kuna nini. Nilimkuta mezani, amevaa kanzu safi, na mbele yake wakili kijana kutoka Soweto, dada mmoja aliyechukua ile programu zamani alipofungua ofisi yake na ambaye tangu hapo alimwita Baba. Alikuwa ameleta mkataba. Angeichukua ofisi ya Troyeville, wateja wote na majalada yao, na mimi ningebaki na kazi yangu kama nilivyo. Alinieleza haya kwa upole, akiniangalia, maana alijua nilivyokitaka kile kiti. Nilisema asante kwa Kiingereza, nikakaa.

Dada yule akampa Wakili kalamu. Wakili akaiweka chini.

"Sitii sahihi."

"Eish, Baba. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Lakini mtu hatii sahihi bila ushauri wa wakili wake."

"Sawa. Wakili wako ni nani, nimpigie?"

"Yupo hapa," alisema, akazisukuma zile karatasi mpaka zikanifikia. "Soma, wakili. Unishauri."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Yule dada akachukua kikombe chake, akaenda kusimama barazani.

Nilisoma. Nilisoma kama alivyonifundisha, nikitafuta mahali ambapo mteja wangu anaweza kuumia. Nami niseme ukweli, nilisoma pia nikitafuta mahali pa kushika, kwa sababu katika mkataba wowote pana kifungu ambacho wakili akitaka anaweza kukitilia shaka, na ningesema tu hiki hakijakaa sawa, Wakili angeifunga kalamu, dada angerudi Soweto, na sisi Jumatatu tungefungua ofisi kama kawaida, yeye na mimi na chai kavu. Alikuwa ananipa neno la mwisho, na alijua anachonipa. Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama dirishani, kama wateja wanavyofanya wakiogopa jibu.

Mkataba ulikuwa safi. Haukuwa na kosa hata moja. Niliurudia ukurasa wa pili, ukawa safi vilevile.

"Kabla sijakushauri," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "niambie mwenyewe. Unataka nini?"

Mtu aliyewauliza watu swali hilo maisha yake yote, sidhani kama aliwahi kuulizwa.

"Nataka kwenda nyumbani," alisema. Hakutaja Disemba.

Nikamgeuzia karatasi, nikamrudishia kalamu. Macho yake hayakuuona mstari, na mkono ukawa unaelea juu ya ukurasa ukitafuta. Nikaweka kidole changu pale mstari unapoanzia, akakigusa, akatia sahihi.